Simu Moja, Vijana Wawili, Hukumu ya Kifo: Soma Hii Kabla Hujasema "Wafungwe Tu"

Wiki iliyopita niliweka swali kwa status. Vijana wawili wakimnyang'anya mtu simu pale steji, mmoja akamsukuma hadi akaanguka na kuchubuka goti, wapewe adhabu gani? Majibu yalikuja kama mvua ya Aprili. Miaka miwili. Miaka mitano. Warudishe simu na wazibue mitaro ya mtaa mwezi mzima. Viboko halafu waende nyumbani. Jamaa mmoja akaandika "wachomwe" na katuni ya kucheka.

Hakuna hata mmoja aliyeandika kile sheria ya Kenya inasema. Sheria inasema kifo.

Sitanii. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, uende kifungu cha 296(2). Hapo ndipo pana wizi wa mabavu. Ukimwibia mtu kwa nguvu au kwa vitisho, na ukawa umebeba silaha, au uko na mwenzako hata mmoja, au umempiga au kumjeruhi mtu kabla ya wizi, wakati wa wizi au punde tu baada yake, hukumu ni kifo. Hilo neno "au" lisome tena polepole. Si lazima uwe na bunduki. Si lazima mtu aumie sana. Mkiwa wawili na mkatumia nguvu, inatosha. Na kifungu hakisemi hakimu "anaweza" kukuhukumu kifo. Kinasema atakuhukumu kifo.

Mbona nakuambia haya? Juu sheria hizi zinaguswa, na sisi wenye tutaishi nazo hatuko kwenye chumba. Kwa miaka kadhaa sasa, kamati ya mageuzi ya haki jinai iliyo chini ya NCAJ, lile baraza linalokutanisha mahakama, polisi, magereza na viongozi wa mashtaka, imekuwa ikiipitia Kanuni ya Adhabu na sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, na kuomba maoni ya wananchi. Katiba yenyewe inadai hivyo: Ibara ya 10 inataja ushirikishwaji wa watu kama thamani ya taifa, na Ibara ya 118 inalibana Bunge lifungue milango wakati wa kutunga sheria. Kwa hivyo kila mara mswada wa adhabu unapotembea, kuna tangazo gazetini, kuna barua pepe, kuna kikao mahali fulani. Na mara nyingi hao wanaoenda ni watu wazima wenye hasira na mawakili wenye suti.

Kabla sijaenda mbali, wacha niseme mimi nasimama wapi, ndio usije ukadhani nahubiri kutoka hewani. Nina watu pande zote mbili.

Kaka yangu mkubwa alichomwa kisu usiku akitoka kazini, hatua chache tu kutoka alipotelemka matatu. Walichukua simu na mkoba wa vifaa. Alikuwa fundi wa umeme. Hadi leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji vizuri, na kazi ya kushika nyaya nyembamba aliiacha. Waliomfanyia hivyo hawajawahi kushikwa. Mama yangu akisikia mtu kwa redio akiongea kuhusu haki za wafungwa, anabadilisha stesheni. Simlaumu.

Upande wa pili kuna kijana tuliyekua naye ploti moja. Tulicheza naye mpira wa makaratasi, tukashiriki sahani moja ya githeri. Alishikwa akiwa na miaka 20, yeye na mwenzake, kwa simu na shilingi 1,500. Alikuwa pale, hilo hata yeye hakatai. Hakuwa na wakili. Alihukumiwa kifo na hakimu ambaye, kwa maneno ya mama yake, alionekana kama mtu anayesoma risiti. Huyo mama anauza mboga karibu na lango letu. Mama yangu hununua sukuma kwake kila siku. Wanaongea bei, wanaongea mvua, wanaongea kanisa. Hilo jambo lingine hawajawahi kuligusa.

Kwa hivyo ukiniambia "wewe unatetea wezi", nitakuelewa, lakini nitakuuliza: uliwahi kukaa meza moja na mkono wa kaka yangu? Na ukiniambia "wewe hujui uchungu wa kufungwa", nitakuuliza kama umewahi kumsaidia huyo mama kubeba sabuni na dawa ya meno hadi geti la jela.

Sasa tuingie kwa sheria yenyewe, juu hapa ndipo wengi hupotezwa.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini hukumu za kifo zinaendelea kutolewa. Foleni ikijaa, rais anazibadilisha kwa wingi ziwe vifungo vya maisha. Mwaka 2009 Kibaki alifanya hivyo kwa zaidi ya wafungwa 4,000. Mwaka 2016 Uhuru akafanya kwa 2,747. Mwaka 2023 ikawa zamu ya waliokuwa wamehukumiwa kabla ya tarehe 21 Novemba 2022. Kijana wetu wa ploti alikuwa kwa hilo kundi la mwisho. Siku hiyo mama yake alilia, halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mwanangu, maisha ni miaka mingapi?"

Enyewe hilo ndilo swali ambalo mahakama zetu zimekuwa zikivutana juu yake, na ukifuata huo mvutano utafikiri unatazama watoto kwenye bembea.

Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kusikiliza mazingira ya kosa, ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikarudi nyuma. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, kwenye kesi maarufu ya Muruatetu, ikasema jaji lazima awe na nafasi ya kusikiliza utetezi wa mtu kabla ya kuamua adhabu. Hukumu ya kifo ilibaki, ila ule ulazima wake ndio uliotupwa. Jela zikasisimka. Wafungwa waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kuandika maombi kwa mkono, wakiomba kesi zao zirudi kortini waangaliwe upya kama watu. Wa mauaji waliandika, wa wizi wa mabavu wakaandika, wa kunajisi wakaandika. Wengine walipunguziwa vifungo, wengine wakaenda nyumbani.

Halafu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: tulichosema kinahusu mauaji peke yake. Makosa mengine yenye adhabu za lazima yapiganiwe upya kuanzia Mahakama Kuu. Kijana wetu alikuwa ameshaandika ombi lake. Faili likabaki hapo lilipokuwa.

Bembea haikuishia hapo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo hakipatani na Katiba, ikampa mfungwa miaka 40 badala yake. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo na kurudisha kifungo cha maisha. Katikati, mwaka 2024, ilikuwa imesema viwango vya chini vya adhabu kwenye Sheria ya Makosa ya Kingono vinabaki halali, na kwamba kupanga adhabu ni kazi ya Bunge.

Umeona? Ukiziweka hizo hukumu kwa mstari, majaji wanatuambia kitu kimoja kwa lugha ya adabu: mkitaka adhabu zibadilike, msitusukume sisi, nendeni Bungeni. Bunge nalo likifungua mlango, linauliza wananchi wanasemaje. Kwa hivyo ile barua pepe ya kutuma maoni, yenye unaipita ukitafuta matokeo ya ligi, ndiyo sasa imebeba uzito wa hili jambo lote.

Ndio nikaenda kikao kimoja cha kukusanya maoni, kwenye ukumbi wa jamii huku Eastlands. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, maofisa watatu mbele na makaratasi yao ya Kiingereza. Tulikuwa watu kama 40. Wa umri wangu tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa amekuja kurekodi sauti. Mzee wa kwanza kusimama akasema wezi wote wapelekwe msituni. Watu wakapiga makofi. Wa pili akasema hivyo hivyo, ila kwa muda mrefu zaidi.

Halafu akasimama mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii. Huyu ndiye aliyenifanya niache kutazama saa. Alisema kazi yake imemfikisha hospitalini na watoto wa miaka minne, miaka sita, miaka tisa. Akasema anakumbuka enzi za kabla ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, wakati mtu angemharibu mtoto na kupewa kifungo ambacho kingeisha kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Akasema: hivyo viwango vya chini mnavyotaka kulegeza viliwekwa kwa sababu tulichoka na huruma ya mahakimu, na huruma hiyo mara nyingi ilienda kwa mwenye pesa.

Ukumbi ulinyamaza. Na ukweli ni kwamba hoja yake haina jibu rahisi. Aliyeileta sheria hiyo Bungeni, Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu, alipambana na wanaume waliokuwa wakicheka ndani ya Bunge. Viwango vile ni ukuta uliojengwa kuzuia kitu halisi. Ukitaka kuubomoa, lazima useme utaweka nini mahali pake.

Lakini huo ukuta pia una watu uliowaangukia. Wewe wa Form Four, sogea hapa.

Kwa sheria hiyo mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Akiwa na miaka 11 au chini, aliyemnajisi anapata maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 au 17, si chini ya miaka 15. Ridhaa ya mtoto haihesabiki. Sasa chukua kijana wa miaka 19 ambaye juzi tu alikuwa darasani, na mpenzi wake wa miaka 17 ambaye bado yuko darasani. Hakuna nguvu, hakuna vitisho, hakuna pesa. Baba ya msichana akigundua na kupeleka kesi polisi, na ushahidi ukathibitika, hakimu anaangalia kifungu na anaona namba moja: 15. Mtu mzima wa miaka 50 aliyemwinda mtoto wa jirani wa miaka 16 anaangaliwa kwa namba hiyo hiyo kama mahali pa kuanzia. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, ikiamua kesi ya aina hii, ilisema wazi kwamba sheria hii inahitaji kutazamwa upya na nchi izungumze kuhusu suala la umri. Mazungumzo hayo yakiitishwa, nani anafaa kuwa mbele kuliko wewe?

Simaanishi kwamba mapenzi ya shule yaachwe tu yaende yatakavyo. Mimba za mapema tunazijua, na wanaoharibikiwa zaidi ni wasichana. Ninachosema ni kwamba kumwita kijana wa miaka 19 na mtu wa miaka 50 kwa jina moja na kuwapa namba moja ni uvivu wa sheria. Huyo mama wa afya nilimfuata nje baada ya kikao nikamuuliza kuhusu hili. Alifikiria kidogo akasema, "Hao wa umri mmoja tungeweza kuwatenga. Lakini muandike vizuri, wasije wazee wakajificha humo." Hapo nikajua kwamba watu wa pande mbili wakikaa chini, maoni hayako mbali vile tunavyodhani.

Nikaja kwa mambo ya kupitia kesi upya, ambayo ndiyo yenye utata kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Mtu akihukumiwa na hakimu, ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku 14. Ndani ya hizo siku uko jela mpya, huna simu, familia inatafuta nauli, na pengine hujui hata neno rufaa linaandikwa vipi kwenye fomu. Ukichelewa unaweza kuomba ruhusa ya kuchelewa, lakini nayo ni karatasi nyingine. Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na serikali. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu, ambaye kitanzi ni kile kile, kesi yake husikizwa na hakimu na mara nyingi anajitetea mwenyewe. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2016, lakini huyo mama wa mboga hakuna aliyemwambia.

Kuna milango mingine. Mahakama Kuu inaweza kuita faili kutoka korti ya chini na kusahihisha uamuzi. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya utaratibu wa jinai kinataka muda uliokaa rumande uhesabiwe kwenye kifungo chako, na bado wako wafungwa wanaolazimika kurudi kortini kuomba hiyo hesabu tu, kwa sababu haikufanywa siku ya hukumu. Ibara ya 50(6) ya Katiba inaruhusu kesi isikizwe upya ukipata ushahidi mpya wenye uzito baada ya rufaa kuisha. Na Ibara ya 133 inampa rais nguvu ya msamaha kwa ushauri wa kamati, ambayo inaweza kuzingatia pia maoni ya aliyetendewa kosa.

Milango ipo, sawa. Shida ni kwamba kila mlango unangoja mfungwa mwenyewe augonge, kwa Kiingereza, kwa karatasi, bila wakili. Mwenye pesa anagonga yote kwa wiki moja. Kijana wa ploti yetu amegonga mmoja kwa miaka mitatu.

Na usisahau upande wa kaka yangu. Siku hizi sheria inaruhusu aliyetendewa kosa aieleze mahakama jinsi maisha yake yalivyoharibika kabla ya adhabu kutolewa, na tuna Sheria ya Kulinda Waathiriwa tangu 2014. Lakini adhabu ikiwa tayari imeandikwa kifungoni, maneno ya mwathiriwa yatabadilisha nini? Ukimwambia hakimu vidole vyangu havikunji, atakusikiza kwa heshima, halafu atasoma ile ile namba. Hili wengi hawalioni: adhabu ya lazima inamnyamazisha mwizi, na inamnyamazisha pia mwenye kuibiwa.

Kaka yangu nilimuuliza angetaka nini kama hao watu wangeshikwa. Nilidhani atasema wanyongwe. Alisema, "Nataka wafungwe kabisa, miaka mingi. Lakini nataka yule aliyenishikilia na yule aliyenichoma wasipewe kitu kimoja. Yule aliyenishikilia alimwambia mwenzake aache." Hicho kitu sheria ya sasa haina mahali pa kukiandika.

Basi haya ndiyo niliyoweka kwenye maoni yangu. Uyaibe, uyabadilishe, uyapinge, ni sawa tu.

La kwanza, wizi wa mabavu ugawanywe kwa madaraja. Mwenye bunduki asikae kapu moja na aliyesukuma mtu akakimbia na simu. Kifo kama adhabu ya lazima kwa kosa hili kitoke, na kila daraja liwe na kiwango cha juu na pa kuanzia panapoeleweka.

La pili, hakimu akishuka chini ya pale pa kuanzia, aandike sababu, na sababu hizo zisomwe mbele ya watu. Hapo ndipo namjibu mama wa afya. Kama tunaogopa huruma ya kununuliwa, tuiweke kwenye mwanga. Mahakama tayari ina mwongozo wa sera ya adhabu wa 2016, uliofanyiwa marekebisho 2023, unaoeleza vitu vya kupima. Lakini mwongozo hauwezi kuvuka sheria iliyoandikwa na Bunge, kwa hivyo sheria yenyewe ndiyo inafaa kufungua nafasi.

La tatu, kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, adhabu nzito zibaki. Ila kuwe na kifungu cha pekee kwa vijana waliokaribiana umri, chenye mipaka ya miaka iliyoandikwa kwa namba, na kisichomhusu mwalimu, mzazi, mchungaji, kocha au yeyote mwenye mamlaka juu ya mtoto.

La nne, kifungo cha maisha kiwe na siku ya kuangaliwa. Simaanishi siku ya kuachiliwa. Baada ya miaka itakayowekwa na sheria, faili lifunguliwe lenyewe bila kungoja mfungwa ajue kuandika ombi. Iulizwe: huyu mtu amekuwa nani? Bado ni hatari? Na aliyetendewa kosa apigiwe simu mapema, aulizwe, asije akamkuta mtu huyo sokoni bila kujua ametoka.

La tano, kila anayehukumiwa apewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayomwambia ana siku ngapi za rufaa, aende wapi, na muda wake wa rumande umehesabiwaje. Karatasi moja tu. Hiyo haihitaji bajeti ya bilioni.

Najua wengine mtasema hakuna haja, kwamba maoni ya wananchi ni mchezo wa kuigiza, wakishamaliza wanafanya walichopanga. Hiyo dharau tunaijua, tumeionja. Lakini kumbuka 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kitu cha wahasibu hadi vijana wakaanza kuusoma ukurasa kwa ukurasa, wakautafsiri kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kwa lugha ya ishara, wakaupeleka kwenye kila simu. Mbunge aliyezoea kwenda nyumbani bila swali akaulizwa kuhusu kifungu kwa namba yake. Huo ujuzi hatukuuzika. Tunaweza kuusoma mswada wa adhabu vile vile, na huu haugusi bei ya mkate tu, unagusa miaka 15 ya maisha ya mtu.

Tena lugha isikutishe. Ibara ya 120 ya Katiba inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mswada unaweza kuja kwa Kiingereza kigumu, lakini maoni yako yanaruhusiwa kuja kwa Kiswahili cha kwenu. Si lazima uwe wakili. Andika jina lako, taja mswada, taja kifungu, sema unataka kibadilishwe kiwe nini na kwa nini, weka mfano mmoja unaoujua, tuma kwa karani wa Bunge kabla ya siku iliyotangazwa. Mkiwa darasa zima, andikeni barua moja na muisaini wote. Na kama hakuna mswada mezani sasa hivi, Ibara ya 119 inakupa haki ya kuandikia Bunge ombi wakati wowote.

Yangu ilikuwa kurasa mbili. Kabla ya kuituma nilimsomea kaka yangu, akanifanya niongeze ile sehemu ya kumpigia simu aliyetendewa kosa. Halafu nikaenda kibandani nikamsomea mama wa mboga. Alisikiza akichambua sukuma, hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akauliza kama na yeye anaweza kuandika yake, na kama kuna mtu atamwandikia kwa sababu macho hayaoni vizuri.

Tulikaa hapo hadi saa mbili usiku. Ya kwake ni nusu ukurasa, na ni bora kuliko yangu. Tangazo la kikao kijacho likitoka, usingoje nikuite.